Njoo Kesho: Gemu ya Saa 72 na Ugonjwa wa Kutomaliza

Katika kabati la ofisi yangu yamo majalada kumi na moja ya miradi iliyobuniwa na kamati ambazo mimi mwenyewe nilikuwa mjumbe. Kila jalada lina dibaji, malengo mahususi, bajeti na mihutasari ya vikao. Hakuna hata moja lililozaa kitu ambacho mwananchi anaweza kukigusa. Mwaka huu, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minne, nilimaliza kitu kwa siku tatu, na aibu niliyoipata kwa kukimaliza haijaniacha mpaka leo.

Kitu chenyewe ni gemu ya kompyuta. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyehitimu miaka miwili iliyopita na bado anazungusha barua za maombi ya kazi, aliniomba niwe mwenza wake katika kile ambacho waundaji hukiita gemu jamu. Hii si jamu ya kupaka kwenye mkate. Ni shindano ambalo mada yake hutangazwa saa ya kuanza, kisha washiriki hupewa muda mfupi, aghalabu saa 48 au 72, wa kubuni gemu, kuichora, kuiandikia programu na kuiweka hadharani. Ludum Dare, mojawapo ya mashindano makongwe ya aina hii, ilianza mwaka 2002. Global Game Jam ikafuata mwaka 2009. Mara nyingi hakuna zawadi ya fedha. Washiriki hucheza kazi za wenzao na kuzitolea maoni bila kupepesa macho.

Sote wawili tulikuwa wageni wa jambo hili. Tuligawana kazi: yeye aandike programu kwa kutumia Godot, ambayo ni programu huria isiyodai hata shilingi; mimi niandike hadithi na kurekodi sauti. Nilikuja na mpango mnono. Mwananchi atafute haki yake katika ofisi saba, akutane na waziri, apige kura, aombwe rushwa. Binti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Samahani Mwalimu, haya yote tuyafute. Tubaki na dirisha moja.”

Nilikasirika, sitaficha. Kwa zaidi ya miaka ishirini kalamu nyekundu imekuwa mkononi mwangu, si mwa mwanafunzi. Nilitaka kumjibu kama tunavyojibu kwenye vikao, kwamba hoja yake imepokelewa na itafanyiwa kazi. Lakini saa zilikuwa zimebaki 61, na hoja isiyofanyiwa kazi papo hapo ilikuwa imekufa. Tukabaki na dirisha moja: raia amesimama na jalada lake, karani anamwambia “njoo kesho”, na kila kesho inadai karatasi mpya.

Siku ya tatu, raia wetu akanasa nyuma ya benchi na hakuweza kusogea. Mimi nilipendekeza tuchunguze chanzo. Mwenzangu aliliondoa benchi. Tuliipakia gemu zikiwa zimebaki dakika ishirini. Mchezaji mmoja alituandikia kwamba aliacha kucheza kwenye “kesho” ya nne akidhani gemu imeharibika. Alikuwa na haki, kwani hatukumwonyesha popote kwamba safari ina mwisho. Kazi yetu ni dhaifu. Lakini ipo, na watu wametuambia udhaifu wake. Majalada yangu kumi na moja hayajawahi kupata hisani hiyo.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumezoea kusema miradi yetu hufa kwa ukosefu wa fedha. Mingi hufa kabla ya fedha kuulizwa, kwa sababu kwenye meza ile hakuna mwenye ruhusa ya kulifuta wazo la mkubwa. Kila mjumbe huongeza lake, hakuna apunguzaye, na mpango hunenepa hadi hakuna awezaye kuubeba. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Hawakuhitaji mtaalamu mwelekezi kulijua hilo.

Tazama wengine. Gemu ya Celeste, iliyotunukiwa katika The Game Awards mwaka 2018, ilianza kama kigemu kidogo kilichoundwa kwa siku nne na watu wawili, Maddy Thorson na Noel Berry. Kwanza walimaliza kidogo. Kikubwa kilifuata, pamoja na wasaidizi. Hapa kwetu Afrika, Wesley Kirinya wa Kenya na Eyram Tawia wa Ghana waliungana wakaanzisha Leti Arts. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wala havihitajiki vidole mia.

Nitaambiwa haraka haraka haina baraka. Ni kweli kwa daraja na kwa katiba. Sidai vijengwe kwa siku tatu. Nitaambiwa pia kwamba mwajiri atalitumia jambo hili kuwakesha vijana bila malipo. Atakayefanya hivyo apingwe. Sisi tulilala kila usiku, na tuliingia kwa hiari. Hoja nzito zaidi ni kwamba tulikuwa na kompyuta mpakato, umeme na kifurushi cha intaneti, vitu ambavyo wanafunzi wengi hawana. Nakubali, na fedha za umma zianzie hapo, kabla ya posho ya kikao.

Nilipoijaza gemu ile kwenye fomu ya tathmini ya mwaka, niliambiwa nijiandike mwandishi mkuu, maana binti “alisaidia tu”. Aliyesaidia alikuwa mimi. Nimeliandika jina lake kwanza, fomu imerudishwa, na alama nimezikosa. Naziacha ziende. Ni wahadhiri wangapi wamepanda vyeo kwa migongo ya wanafunzi walio“saidia tu”?

Kwa wanafunzi nasema: tafuta mwenza atakayekukatalia, mmalize kitu kidogo, mkionyeshe kikiwa na kasoro zake. Kwa watumishi wa umma: katika kikao kijacho, mpeni aliye mdogo kuliko wote haki ya kufuta. Kwa wahadhiri wenzangu: kazi ya wawili iliyomalizika ipewe alama, na majina yaandikwe kwa kadiri ya jasho.

Na kwa uongozi wa chuo ninachofundisha, ombi moja. Maabara ya kompyuta hufungwa Ijumaa saa kumi jioni, hufunguliwa Jumatatu asubuhi. Naomba ufunguo kwa wikiendi moja kila muhula. Nimeliomba hili kwa barua tayari. Nimejibiwa nije kesho.