Neno la Mhariri: Asidi Ipi, na ya Nani?

Mtaalamu wa maabara anayetaka kujua kama mtindi, togwa au pombe ya mahindi ina bakteria wanaozalisha asidi hahitaji mitambo ya bei mbaya. Huizimua sampuli, hutandaza tone lake kwenye kisahani chenye lishe ya kuoteshea bakteria iliyotiwa rangi ya zambarau ya bromokresoli, kisha hukifunika na kukiacha kwenye joto kwa siku mbili hivi. Bakteria wakila sukari na kutoa asidi, zambarau hugeuka njano kuzunguka koloni zao. Wengine huchanganya lishe na unga wa chokaa, ambao asidi huuyeyusha na kuacha duara angavu. Ni kipimo kizuri, tena hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukisoma bila shida. Tatizo ni kwamba tumekizoea mno, hata tunakiuliza maswali ambayo hakina majibu yake. Kwa kuwa toleo hili linahusu upimaji wa vyakula na vinywaji vilivyochachushwa, ni vyema tuanze na mipaka ya hiyo njano.

Njano inasema asidi ipo, haimtaji aliyeitoa. Bakteria wa asidi laktiki wanaogandisha maziwa huigeuza rangi, lakini E. coli aliyetoka kwenye kinyesi naye huila sukari ya maziwa na kutoa asidi. Ndiyo maana maabara makini haiishii hapo. Hutumia lishe ya MRS, iliyotangazwa mwaka 1960 na de Man, Rogosa na Sharpe, inayowapendelea bakteria wa asidi laktiki; huwatazama kwa darubini; hudondoshea koloni haidrojeni peroksaidi, na povu likifoka, aghalabu huyo si wa jamii hiyo. Hatua hizi huonekana kama nyongeza ya kufanywa muda ukiruhusu. Kwa maoni yangu ndizo kipimo chenyewe, na kisahani cha njano ni mlango tu.

Kuna asidi nyingine isiyopita hata mlango huo. Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima mkoani Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua baada ya kunywa pombe msibani. Kinywaji chenyewe huitwa pombe huko pia, na hutengenezwa kwa unga wa mahindi. Waliokunywa asubuhi hawakudhurika. Waliokunywa mchana ndio walioangamia, na mtengenezaji mwenyewe akawa miongoni mwa waliokufa. Tofauti hiyo ya saa iliwafanya wengi waamini kuwa kuna mtu aliyetia sumu wakati waombolezaji wakiwa makaburini, na nyongo ya mamba ikatajwa mara moja, kama inavyotajwa kwetu panapotokea kifo cha ghafla kilabuni. Uchunguzi uliofanywa baadaye, ukihusisha maabara ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ulikuta ndani ya pombe asidi ya bongkreki, na ndani ya unga bakteria anayeitengeneza, Burkholderia gladioli. Asidi hii haina ladha wala harufu, haiharibiki kwa kupikwa, na huua kwa kuzuia seli zisipate nishati. Miligramu 1 hadi 1.5 hutajwa kuwa yatosha kumuua mtu mzima, kiasi kisichoweza kuutikisa uchachu wa pipa zima. Ulimi haungeijua, na kisahani cha zambarau kisingeitofautisha na uchachu wa kawaida wa pombe.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kupima zaidi ya njano ni kwamba hili ni jambo adimu. Adimu kwa nani? Indonesia ililijua tangu zama za ukoloni wa Kiholanzi, kupitia tempe bongkrek, chakula cha machicha ya nazi yaliyochachushwa kilichoipa asidi hiyo jina, na mwaka 1988 serikali ikapiga marufuku utengenezaji wake. Oktoba 2020 watu 9 wa familia moja mkoani Heilongjiang, China, walikufa kwa tambi za mahindi yaliyochachushwa. Tanzania na Kenya zina mahindi, zina joto, zina mafuriko yanayolowesha maghala. Sumu isiyopimwa haiwezi kuonekana kwenye takwimu, na vifo vyake vitaandikwa kwa jina jingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bibi zetu wamechachusha uji na maziwa kwa vizazi bila darubini, na uchachu ndio uliowalinda. Ni kweli. Asidi laktiki ikishusha pH haraka hadi 4 hivi, vimelea vingi vya kuharisha hushindwa kukua, na Burkholderia naye hapendi mazingira machachu. Hii haiondoi hoja yangu, bali inaipa makali. Kama bakteria wa asidi laktiki ndio walinzi, basi lazima tujue kama waliwahi kushika zamu kabla ya mgeni kuingia, na sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa sababu pipa lilichachuka baadaye. Mama mwenye kilabu hastahili kutishwa kwa habari hizi. Anastahili kuambiwa waziwazi kwamba unga ulioloa na kuvunda usigeuzwe pombe wala togwa.

La tatu ni gharama, na hapa sina jibu jepesi. Asidi ya bongkreki hugunduliwa kwa mitambo ya kutenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli, na haiwezekani kila wilaya iwe nayo. Lakini sumukuvu nayo ilikuwa habari ya wataalamu wachache kabla ya mwaka 2004, ilipoua watu 125 mashariki mwa Kenya. Leo viwanda vikubwa vya unga huipima kabla ya kupokea mahindi. Maabara moja ya rufaa kwa nchi ingetosha kuanzia, mradi sampuli ziifikie. Afisa afya wa kata anahitaji kujua jambo moja tu siku ya msiba: achukue kikombe cha unga uliotumika na chupa ya kinywaji kilichosalia, aviweke kwenye barafu siku hiyohiyo, kabla jirani mwenye nia njema hajalimwaga pipa.