Tamaa ya Pikipiki Kuukuu

Yamkini, msomaji, iko siku utaiona. Itakuwa imeegemea ukuta nyuma ya ghala la mahindi, matairi yamepasuka, kuku wanataga chini ya kiti chake, na juu ya tangi zitasomeka kwa shida herufi tatu: BSA. Utataka kupangusa vumbi kwa kiganja. Hapo ndipo nataka kukuzuia, maana kiganja kikishagusa tangi, akili huwa imekwisha ondoka.

Mwenye mali atakuambia neno ambalo wenye mali wote husema: "Ilikuwa ikiwaka vizuri ilipoegeshwa." Muulize basi, kama ilikuwa ikiwaka vizuri, kwa nini iliegeshwa? Mtu haachi chombo kizima kinyeshewe na mvua miaka ishirini. Pikipiki huachwa siku inapodai fedha ambazo mwenyewe hana au hataki kuzitoa, na deni hilo halifi kwa kukaa; huzaa. Wewe unayetoa bei leo wanunua pikipiki pamoja na deni la mtu mwingine.

Wako watakaonijibu kwamba vyombo hivi ni adimu, na kwamba anayekinunua anakiokoa. Nakataa. Chukua ile iitwayo Bantam, iliyotokea Uingereza mwaka wa 1948. Mchoro wake ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, uliochukuliwa kama fidia baada ya vita vilivyokwisha mwaka wa 1945. Harley-Davidson ya Marekani na Warusi waliutumia mchoro uo huo, na Yamaha ya Japani ikaufuata katika pikipiki yake ya kwanza, mwaka wa 1955. Bantam ilikuwa chombo cha watu wa kawaida na cha vijana wa posta waliopeleka telegramu. Ilitengenezwa kwa maelfu mengi hadi mwaka wa 1971. Haikuzaliwa adimu. Imefanywa adimu, na hao waokoaji wana sehemu yao katika kazi hiyo.

Tazama yaliyomo ndani. Injini hii hunywa oili iliyochanganywa na petroli, na mchanganyiko huo hupita katika chumba cha krenki kabla ya kupanda kwenye silinda. Ikisimama miaka, petroli hukauka, unyevu huingia, na beringi huliwa na kutu. Pete za mpira zinazoziba pande mbili za krenki hukakamaa. Pengine utabahatika kuiwasha, nawe utashangilia. Lakini hewa itapenya katika pete hizo, petroli itakuwa haba katika mchanganyiko, joto litazidi, na pistoni itang'ang'ania silinda ukiwa katikati ya safari. Krenki yenyewe imeunganishwa kwa mashine ya kushindilia, wala haifunguki kwa nyundo ya nyumbani. Nyundo ya nyumbani, hata hivyo, ndiyo ya kwanza kuletwa.

Najua, kwa kuwa niliileta mimi. Niliinunua Bantam kwa bei iliyokuwa chini ya karo ya muhula mmoja, nikajiona mjanja. Nikaifungua yote katika Jumamosi moja na Jumapili moja. Chini ya mavi ya kuku ilikuwa na kila nati yake. Mimi, kabla ya Jumatatu, nilikuwa nimepoteza nati kumi na moja. Vipuri vikaagizwa Uingereza, kifurushi baada ya kifurushi, na cha tatu nilikilipia kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya shule. Mwanangu alirudishwa nyumbani, akakaa siku nne. Hakusema neno. Alikuwa akipita kando ya maboksi yangu akienda kuteka maji.

Sisemi vyombo vya kale visipendwe. Katika maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huletwa pikipiki za kale zinazong'aa, nami huzitazama kwa furaha. Lakini mng'ao huo una ufundi, vifaa, fedha na subira nyuma yake, navyo havinunuliwi pamoja na kutu. Utakaye kupanda Bantam, nunua inayotembea, hata kama mwenyewe ataka bei mara tatu. Ipande mbele yake, ipoe, kisha uiwashe tena. Ile ya nyuma ya ghala iache na kuku wake, mpaka aje fundi ajuaye anachokifanya.

Mwezi uliopita alikuja kijana aliyesikia habari za maboksi yangu. Nilimweleza habari za pete za mpira. Nilimwonyesha krenki, nikaigeuza ili aione kutu upande wa pili. Aliisikiliza hotuba yangu yote kwa adabu, akapangusa tangi kwa kiganja, akaniuliza, "Mzee, unauza kiasi gani?"