Kiwanda kikifa, watoto wacheze wapi?



Juma hili tuongee juu ya kiwanda kilichokufa. Sisi Wakongomani tunavifahamu. Kule Kalemie, Filtisaf ilisokota pamba na kufuma vitambaa, jamaa nyingi zikala. Kisha mashine zikanyamaza. Katika miji yetu mingi kuna uzio kama huo, majani yameota, na watoto wetu wanapenya kwenda kucheza. Sisi tunawafukuza kwa kelele.

Huko Brazil kuna mama mmoja aliyetazama namna nyingine. Ni Lina Bo Bardi, mchoraji wa majengo, mzaliwa wa Roma. Shirika la SESC, linalohudumia wafanyakazi wa biashara, lilimpa kazi mjini São Paulo, katika mtaa wa Pompéia: kugeuza kiwanda cha zamani cha mapipa kuwa mahali pa watu wote. Safari ya kwanza alisifu nguzo na kuta. Safari ya pili ilikuwa Jumamosi. Akakuta watoto wanakimbia, vijana wanapiga mpira huku mvua ikipita kwenye paa bovu, na akina mama wanachoma nyama mlangoni. Akaona kwamba kazi yake ni kuilinda furaha hiyo, isifukuzwe na ujenzi.

Basi hakubomoa. Alibandua lipu, matofali yakaonekana. Ndani akaweka maktaba, tamthilia, mgahawa, mahali pa moto wa kuota, na vyumba vya kujifunza ufinyanzi, ufumaji na useremala. Kilifunguliwa mwaka 1982. Viwanja vya michezo vikafuata mwaka 1986. Mpaka leo wazee na watoto wanaingia.

Mama, tusijidanganye. Ngoma na michoro haitarudisha mishahara ya baba zetu. Tena SESC inaendeshwa kwa michango ya makampuni ya biashara. Kwetu, nani atalipa umeme na mlinzi? Kwa hiyo, kabla kikundi hakijapeleka barua kwa bourgmestre, tuulize mambo manne:

Kiwanja ni cha nani, na hati ziko wapi?

Fundi amepima kuta na paa? Kuna mabaki ya dawa au mafuta yanayoweza kudhuru watoto?

Nani anatumia pale sasa? Mama anayeuza ndizi kwenye uzio asifukuzwe kwa jina la maendeleo.

Tunaanza na nini kidogo? Chumba kimoja, cherehani mbili, vitabu vichache. Likelemba nayo ilianza na mama watano.

Kwenye mkutano ujao, kila mmoja aje na jibu la swali moja. Na ukimkuta mtoto wako kwenye uzio, umrudishe, kwa maana paa bovu linaua. Lakini kwanza umuulize: "Mnachezaga nini kule?" Jibu lake tuandike kwenye barua.