MUUGUZI WENU, SEHEMU YA 6: TUMBO LA JUMAPILI JIONI

Leo nina neno na wazazi, halafu na walimu. Naomba usome hadi mwisho.

Sisi wauguzi tunawajua watoto wa Jumatatu. Mama anakuja na binti wa kidato cha pili: kichwa kinauma, tumbo linasokota tangu jana jioni, usiku hajalala. Tunapima malaria, hamna. Mkojo, safi. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Wiki mbili haziishi, wako tena kwenye benchi. Mama anasema, "Huyu anategea shule tu."

Jamani, wengi hawategei. Woga unauma kweli. Mtu akiogopa, mwili unajiandaa kukimbia: moyo unaenda mbio, tumbo linavurugika, usingizi unakata. Sasa mtoto anayeogopa darasa zima atakimbilia wapi? Ndiyo maana maumivu yanaanza Jumapili jioni na kupoa shule zikifungwa. Kipimo cha malaria hakioni hilo. Malaria ikikosekana, muulize taratibu: "Kwenye magrupu yenu kunaendelea nini?"

Na usiniambie mwanao hana simu. Si lazima awe nayo. Picha yake inapigwa kwenye mahafali, inageuzwa stika, inazunguka WhatsApp usiku kucha yeye amelala. Asubuhi anaingia darasani, wenzake wanacheka, hajui wanacheka nini. Enzi zetu ukionewa shuleni, kengele ya kutoka ilikuwa nafuu. Siku hizi uonevu unamfuata mtoto hadi kitandani.

Walimu wangu, najua mzigo wenu ni mkubwa. Lakini hili jibu la "simu haziruhusiwi shuleni, hayo ni ya nyumbani, wazazi wamalizane" silikubali. Stika imetumwa nyumbani, sawa, ila kidonda kinatoneshwa darasani kwako. Mwaka 2019 UNICEF iliwauliza vijana wa nchi 30: 1 kati ya 3 alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na 1 kati ya 5 alikuwa amekosa shule kwa sababu hiyo. Mtoto akikosa shule, hilo ni la shule.

Sasa tufanyeje?

Mzazi, usimnyang'anye simu mtoto aliyeonewa. Umemwadhibu yeye badala ya waliomkosea, na siku nyingine hatakwambia. Msifute kitu. Pigeni picha ya skrini yenye majina na tarehe, mpeleke kwa mwalimu wa malezi. Ila kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema. Nenda na simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inasema uonevu wa mtandaoni ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukikwama, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mtoto akisema amechoka kuishi, usimwambie "acha ujinga." Usimwache peke yake, mlete hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe ambaye mwanao ndiye mtengeneza stika, usicheke ukasema ni utani wa watoto. Mwite, afute, aombe msamaha mbele ya grupu lile lile alikomwaibisha mwenzake. Na sisi watu wazima tuache kusambaza picha za watu tukicheka, maana watoto wanatuona.

Mtumie mzazi mwenzako na mwalimu mmoja unayemfahamu. Wiki ijayo nitaongelea usingizi wa wanafunzi wa bweni. Maswali niulizeni, nikitoka zamu nitajibu.