Rangi Ikikataa Kushika, Tupime Kabla ya Kulaumu

Juma hili, katika ukurasa wetu wa kazi za mikono, tunazungumza juu ya jambo linalokula feza za vikundi na kuleta maneno kati yetu: rangi ya mafuta inayokataa kushika.

Vikundi vingi vinapaka rangi vitu vya kuuza au vya kukodisha: viti vya chuma vya sherehe, vitanda, milango, mabenchi. Kazi inaanza vizuri. Kisha, kabla rangi haijakauka, vishimo vidogo vya mviringo vinafunguka, kila kimoja na ukingo wake, na chuma kinaonekana chini. Tukiongeza rangi juu, vishimo vinarudi palepale. Hapo lawama zinaanza. Mmoja anasema muuzaji alichanganya rangi na maji. Mwingine anasema yule binti mpya ana mkono mbaya. Mara nyingi hao wawili hawana kosa lolote.

Mwenye kosa ni uchafu usioonekana. Mwaga maji juu ya sahani yenye mawese: hayatandai, yanajikusanya kuwa matone. Rangi mbichi nayo inakimbia mahali penye mafuta, na mahali ilipokimbia panabaki kishimo. Inaitwa rangi ya mafuta, lakini mafuta ya mikononi na ya jikoni si rafiki zake.

Mkorofi kuliko wote ni silikoni. Imo ndani ya mafuta mengi ya nywele, krimu za mikono, dawa za kung'arisha meza, na ile gundi laini ya kuziba vioo vya madirisha. Soma maandishi ya chupa: ukiona neno dimethicone, hiyo ni silikoni. Kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, kinatosha kuharibu mlango mzima.

Wenye viwanda wanaiogopa pia. Katika viwanda vya magari, wafanyakazi wa chumba cha rangi wanakatazwa kujipaka vitu vyenye silikoni. Huko Ujerumani, chama cha watengenezaji wa mashine kiliandika mwongozo wa kupima, unaoitwa VDMA 24364. Kitu kinachoshukiwa kinasuuzwa kwa dawa inayoyeyusha mafuta, dawa hiyo inadondoshwa juu ya bati safi na kuachwa ikauke, kisha bati linapakwa rangi na watu wanatafuta vishimo. Sisi hatuna mashine zao, lakini wazo lao tunaliweza nyumbani.

Kipimo cha kwanza ni cha maji, kwa chuma. Osha chuma kwa sabuni, suuza mara mbili ili sabuni isibaki, kisha kisimamishe na umwagie maji safi. Hesabu polepole mpaka 30. Maji yakibaki yametanda kama shuka moja, chuma ni safi. Yakikatika na kuwa matone, mafuta yangali pale. Ukimaliza, kausha chuma upesi, kisije kikashika kutu.

Kipimo cha pili ni cha dawa ya kuyeyushia rangi, hasa ile inayouzwa kwa kipimo ndani ya chupa zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Dondosha tone moja juu ya kioo safi na liache likauke lenyewe. Pakibaki doa linaloteleza kwa kidole, usiitumie. Mafuta ya taa, yale tunayoita petroli, yanaacha doa kama hilo. Kwa hiyo tusiyatumie kusafisha chuma kinachongoja rangi.

Kipimo cha tatu kinamaliza ugomvi. Chukua kipande cha bati kilichopita kipimo cha maji, ukigawe kwa misumari katika vyumba vinne. Chumba cha kwanza usikiguse kabisa. Cha pili kipanguse kwa kitambaa mnachotumia kazini. Cha tatu kiguse kwa vidole vya yule anayepaka. Cha nne kidondoshee dawa yenu, uache ikauke. Kisha paka rangi nyembamba juu ya vyote, ukianza na chumba cha kwanza, ili burashi isibebe uchafu kutoka vyumba vingine. Angalia baada ya dakika 10, na tena kesho yake. Vishimo vikiwa katika chumba cha pili peke yake, kosa ni la kitambaa. Vikiwa katika cha tatu, mikono ioshwe vizuri zaidi. Na kama hata chumba kisichoguswa kina vishimo, shida iko ndani ya mkebe au katika burashi. Hapo ndipo tunaweza kurudi kwa muuzaji, na bati mkononi kama ushahidi.

Kama kitu kimekwisha kuharibika, tusifunike vishimo kwa rangi nyingine. Tungoje ikauke. Tupanguse kwa kitambaa kilichoshika dawa safi, kisha mara moja kwa kitambaa kikavu, tukigeuza upande kila mara. Baada ya hapo ndipo tupige msasa, na kupangusa tena. Tukianza na msasa, tunasambaza mafuta na kuyasukuma ndani.

Kazi hii ifanyike nje, mbali na makaa na taa za moto. Watoto wasikae karibu, na wenye mimba au wanaonyonyesha wawaachie wengine dawa hizo.

Tunawaomba viongozi wa vikundi: kabla ya kufungua mkebe mpya, bati la kipimo lipakwe jana yake, na liandikwe tarehe. Siku ya kupaka, wote waoshe mikono kwa sabuni na kufunga nywele kwa kitambaa. Kipande cha bati na burashi ndogo ni gharama ndogo. Viti 20 vilivyokataliwa na mteja vinaweza kumaliza feza ya likelemba nzima, na binti aliyelaumiwa bure anaweza asirudi tena kikundini.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kije na bati lake. Tutayapanga mezani na kujifunza pamoja.