Kisanduku cha dawa kwanza, mbuzi baadaye



Ndugu wasomaji, ukiwauliza akina baba na akina mama hapa kwetu Burundi, au kwa jirani zetu wa Rwanda, Uganda na mashariki ya Kongo, wangeanzisha mradi gani wakipata fedha kidogo, wengi watakujibu: mbuzi. Na wana haki. Mbuzi hataki shamba kubwa kama ng'ombe, hubeba mimba miezi mitano tu, mara nyingi huzaa mapacha, na siku ya shida ya ada au ya hospitali huuzwa akaondoa aibu nyumbani. Ndiye pia mnyama wetu wa akika na wa Idi. Ndiyo maana jamaa wa msikitini wanapotaka kumsimamisha mjane au kuwasaidia mayatima, hununua mbuzi wawili, wakawafikisha, wakaomba dua, wakaondoka.

Maoni yangu, na najua si wote watakaoyapenda, ni kwamba mbuzi hao wamefika mapema mno. Kabla mbuzi wa kwanza hajaingia uani, pawepo kisanduku cha dawa na vifaa, na pawepo mtu mmoja katika nyumba anayejua kukitumia. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, basi apunguzwe mbuzi mmoja, kisanduku kibaki.

KWA NINI KABLA, SI BAADAYE?

Mtu atasema: "Akiugua nitanunua dawa." Ndugu yangu, mbuzi haugui kwa kusubiri siku ya soko. Mbuzi aliyevimba tumbo baada ya kula majani mabichi mengi au pumba nyingi anaweza kufa katika saa chache. Kitoto kilichozaliwa usiku wa mvua, kisinyonye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, hakina uhakika wa kuiona asubuhi. Duka la dawa za mifugo limefungwa, daktari wa mifugo yuko kata nyingine, na salio la simu limekwisha.

Hapo ndipo watu huanza kubahatisha. Mmoja huleta vidonge vilivyobaki baada ya ugonjwa wa mtoto. Mwingine humpaka mbuzi mafuta machafu ya gari kwa ajili ya upele. Wa tatu humnywesha sabuni. Asubuhi mbuzi amekufa, na majirani wanasema huyu mama hana bahati na mifugo. Bahati gani? Hakupewa kipimajoto wala chupa ya iodini. Tulimpa mnyama tukamnyima njia ya kumtunza, kisha tukamlaumu.

Jambo hili ni la amana pia. Watoto madrasa tunawasomesha kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Ukiwauliza kosa lake, hujibu upesi kwamba alimtesa. Lakini tazama vizuri: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Mbuzi wetu wa mjini na wa vijiji vilivyobanana naye amefungwa kamba. Hawezi kwenda kuchagua majani yanayomfaa wala kutafuta mahali pakavu pa kulala. Tukishamfunga, shida zake zote zimekuwa zetu.

KISANDUKUNI MUWE NA NINI?

Sisemi tujenge hospitali. Kisanduku cha mbao au cha plastiki chenye kifuniko kinatosha, kikae mahali pakavu, penye kivuli, na watoto wadogo wasipafikie. Ndani yake:

1. Kipimajoto. Hupimwa sehemu ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta kidogo. Joto la mbuzi mzima ni kama 38.5 hadi 39.5. Likipita 40, tena si kwa sababu ya jua kali au kukimbizwa, ana homa. Kipimajoto hiki kisirudi tena kwa watu.

2. Iodini ya kitovu. Kitoto kikizaliwa, kitovu kichovywe humo mara moja, kwani vijidudu vya zizini huingilia hapo. Kisha kinyonye dang'a mapema, ndani ya saa moja au mbili za kwanza.

3. Chumvi safi, pamba, bandeji na glavu. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi, huosha kidonda vizuri. Glavu ni za kukulinda wewe, hasa jike akizaa au akitupa mimba, kwani yako magonjwa yanayohama kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu kupitia damu na kondo. Homa ya Bonde la Ufa ni mojawapo, na mwaka 2022 ilizuka hapa Burundi na Rwanda.

4. Mafuta safi ya kupikia, chupa moja ya akiba. Mbuzi mkubwa aliyevimba tumbo kwa gesi yenye povu hunyweshwa kama mililita 100 hadi 200, polepole, kupitia pembeni mwa mdomo, bila kumwinua kichwa juu sana yasije yakaingia mapafuni. Asipopata nafuu upesi, daktari aitwe.

5. Sukari na chumvi kwa ajili ya kuhara. Kipimo ni kile kile ambacho akina mama wamefundishwa kwa watoto: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kitoto cha mbuzi kinachohara huuawa na upungufu wa maji kabla ya ugonjwa wenyewe.

6. Mkasi wa kwato au kisu kikali kifupi. Kwato zikirefuka, uchafu hukaa ndani, zinaoza, mnyama anachechemea, hali vizuri, anakonda.

7. Dawa ya minyoo na dawa ya kupe, zilizonunuliwa duka la mifugo kwa ushauri wa mtaalamu, tarehe zake zikiwa hazijapita.

8. Bomba la kunyweshea lenye alama za mililita. Kijiko cha chai si kipimo cha dawa.

9. Daftari na kalamu. Hili wengi hulicheka, nami naliona la maana kuliko yote. Andika: mbuzi gani, tarehe gani, dawa gani, kiasi gani. Maelezo ya chupa nyingi yameandikwa Kifaransa au Kiingereza. Mwombe muuzaji akueleze kipimo, ukiandike kwa Kiswahili. Mtoto wa madrasa anayejua kuandika anaweza kuwa karani wa zizi, akajifunza uaminifu wa hesabu tangu mdogo.

DAWA NAYO INA ADABU ZAKE

Nisieleweke kwamba kuwa na dawa ni ruhusa ya kumwagia kila mnyama. Tuchukue minyoo. Uko mmoja unaonyonya damu tumboni, na mbuzi hubaki bila damu huku akiwa bado anasimama. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano ya kulinganisha na ukope wa chini wa jicho, kuanzia nyekundu ya afya hadi nyeupe ya hatari. Hata bila kadi, jifunze kuufunua ukope huo kila wiki mbili. Ukiwa mwekundu, mbuzi hana upungufu wa damu. Ukiwa umepauka, ndipo dawa. Kuwanywesha wote kila mwezi kwa mazoea huwafanya minyoo waizoee dawa, na siku ya haja haitafanya kazi.

Kipimo pungufu hufanya vivyo hivyo. Mbuzi wa kilo 30 ukimkadiria kwa macho kuwa ana kilo 20, umempa theluthi mbili tu ya dawa. Mbebe juu ya mizani, kisha ujipime peke yako, utoe tofauti. Tena mbuzi si kondoo mdogo. Kwa dawa kadhaa za minyoo huhitaji kipimo kikubwa kuliko kondoo, kwa hiyo uliza. Na jike mwenye mimba changa asipewe albendazole, kwani inaweza kudhuru mimba.

Sindano za kuua vijidudu, zile za antibiotiki, sizihesabu miongoni mwa vitu vya kisanduku cha mtu anayeanza. Hizo ziachwe mkononi mwa daktari wa mifugo. Ninachotaka kisandukuni ni namba yake ya simu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko.

Na hili linagusa meza zetu moja kwa moja: kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kula nyama au kunywa maziwa ya mnyama aliyepewa. Siku hizo zimeandikwa kwenye chupa. Mbuzi wa akika aliyepigwa sindano juzi asichinjwe leo kwa sababu wageni wamekwisha alikwa. Daftari ndilo litakalokukumbusha.

KISANDUKU HAKIWEZI KILA KITU

Sotoka ya mbuzi na kondoo haina dawa ya kuua virusi vyake. Huja na homa, makamasi, vidonda vya mdomo, kuhara na kifua, na inaweza kufagia zizi zima. Uganda iliithibitisha mwaka 2007, nasi Burundi tuliionja kati ya mwaka 2017 na 2018. Kinga yake ni chanjo, ambayo sindano moja humlinda mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi. Basi kabla ya kununua, muulize mwenye mbuzi kama wamechanjwa, na muulize daktari lini chanjo itapita mtaani. Mbuzi mpya wa sokoni akae mbali na mbuzi wa jirani wiki tatu hadi nne, maana sokoni hukutana wanyama wa kila pembe.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Wako wazee wanaosema: "Babu zetu walifuga bila visanduku." Ni kweli, na tuwaheshimu. Lakini babu alikuwa na malisho mapana, mbuzi waliozaliwa pale pale, na elimu ya mitishamba ambayo wengi wetu hatukuirithi. Pia babu alipoteza wengi, ila alikuwa nao wengi. Mjane mwenye mbuzi wawili akipoteza mmoja, amepoteza nusu ya mali yake.

Wako wanaosema ni kukosa tawakuli, kununua dawa ya ugonjwa ambao haujaja. Hao nawakumbusha yule bedui na ngamia wake: funga kwanza, kisha tegemea.

Na wako wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba fedha hakuna. Hawa ndio wa kusikilizwa zaidi. Jibu langu ni hili: msikiti wetu una jeneza la wote, una masufuria, mikeka na sahani za shughuli. Hakuna familia inayonunua jeneza lake. Kwa nini mtaa wa nyumba kumi zenye mbuzi usiwe na mkasi mmoja wa kwato, kipimajoto kimoja na mizani moja? Kila nyumba ibaki na vitu vyake vidogo: iodini, chumvi, mafuta, pamba, daftari. Vifaa vya pamoja vioshwe kwa dawa kabla ya kutoka zizi moja kwenda jingine, visigeuke kuwa njia ya kupelekeana maradhi.

Jirani zetu wametupa mfano wa kuzingatia. Katika mpango wa Girinka wa Rwanda, ulioanza mwaka 2006 wa kuzipa familia maskini ng'ombe, familia ilitakiwa iwe na banda na majani ya malisho kabla ya kupokea mnyama. Hawakuona kwamba sharti hilo ni kumkatalia maskini. Waliona kwamba ndilo litakalomlinda asipokee mzigo badala ya msaada.

OMBI LANGU

Naomba kamati zetu za zaka na sadaka, na ndugu walio ng'ambo wanaotuma fedha za mbuzi, wabadilishe hesabu. Penye fedha za mbuzi kumi, nunueni wanane, na kilichobaki kiwe visanduku, chanjo, na nusu siku ya mafunzo kwa daktari wa mifugo wa mahali hapo. Picha ya mbuzi wanane haitapendeza kama picha ya kumi. Lakini rudini mwaka unaofuata muwahesabu walio hai.

Na wewe baba au mama unayeweka akiba ya mbuzi wako wa kwanza, usivunjike moyo. Nunua kitu kimoja kila mwezi: leo iodini, mwezi ujao kipimajoto, halafu bomba. Siku fedha ya mbuzi itakapotimia, utamkaribisha kwenye nyumba iliyokwisha kujiandaa kwa ajili yake, na utalala usingizi.

Wabillahi tawfiq.