Maoni: Kabambare inatoa dhahabu, watoto wake wafundishwe pia kazi ya nuru

Ukitaja dhahabu huko Salamabila, watu wanafikiria mambo matatu: bei ya gramu, negosian, na wenye silaha. Fizikia haimo. Lakini maabara kubwa za leza duniani zinatumia dhahabu, na kazi wanayoifanya nayo inawahusu wanafunzi wa Kasongo na Kabambare kuliko wanavyoambiwa darasani.

Baadhi ya leza za utafiti leo hazitoi nuru mfululizo kama tochi. Zinaitoa kwa mipigo mifupi mno, ya femtosekunde chache. Nuru inakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Ili kuvuka unene wa unywele mmoja inahitaji femtosekunde 300 hivi. Ndio ufupi tunaouzungumzia.

Sasa wanasayansi wanataka zaidi ya ufupi: wanataka kuupa mpigo umbo. Mpigo mfupi una rangi nyingi ndani yake. Wanaupiga kwenye sahani yenye mistari midogo sana, mara nyingi iliyopakwa dhahabu, na rangi zinatawanyika kama upinde wa mvua juu ya Lualaba. Hapo kila rangi inapewa amri yake: wewe chelewa kidogo, wewe punguza nguvu. Sahani ya pili inazikusanya tena. Rangi ni zilezile, lakini mpigo unatoka mwingine: mmoja umekuwa miwili, au unapanda pole pole na kushuka ghafla. Ni kama mitumbwi kwenye kivuko. Ukipanga nani atangulie na nani angoje, umepanga namna kundi litakavyofika ng'ambo.

Andrew Weiner, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ni mmoja wa waliofungua njia hii tangu miaka ya 1980. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walionyesha kwamba mpigo ukinyooshwa kwanza, ukaongezwa nguvu, kisha ukabanwa upya, unakuwa mkali sana bila kuharibu mashine. Mwaka 2018 wakawa kati ya washindi wa Nobel ya fizikia. Leo mipigo mifupi ya namna hiyo inapasua macho ya wagonjwa hospitalini. Na si mambo ya wazungu wa mbali tu: Johannesburg, kwenye Chuo Kikuu cha Wits, Andrew Forbes anaongoza maabara nzima ya nuru yenye umbo.

Kwa nini dhahabu? Haishiki kutu, na inarudisha zaidi ya asilimia 95 ya ile nuru isiyoonekana kwa macho ambayo leza hizo zinaitumia. Kipimo chake ni kidogo, tusidanganyane. Dhahabu nyingi inakwenda kwenye mikufu na kwenye benki.

Namoya, Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016, ikasimamisha kazi 2019 kwa sababu ya usalama. Yeyote anayezalisha pale kiwandani, sheria ya madini ya 2018 inamdai asilimia 3.5 kwa dhahabu. Pesa hiyo inagawanywa: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, 15 sekta au sheferi ya mahali, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. (Dhahabu ya wachimbaji wadogo ina njia zake nyingine, na hiyo ni habari ndefu.)

Najua jibu nitakalopewa: barabara kwanza, amani kwanza. Sawa. Ila ninachodai hakigharimu daraja. CD ya zamani, zile za nyimbo na mahubiri zilizojaa sokoni Kasongo, ina mistari inayoachana mikrometa 1.6, ni ndugu maskini wa ile sahani ya dhahabu. Imulike kwa tochi ya simu, rangi zote zinajitokeza. Chukua telekomandi ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze: kwenye simu nyingi utaona nuru inayomeremeta ambayo jicho haliioni. Ni mipigo ya nuru inayobeba amri. Mwalimu wa fizikia akiwa na vitu hivyo viwili, paneli ndogo ya jua na mishahara inayofika kwa wakati, mwanafunzi hatakariri tena neno "difraksheni" kwa ajili ya mtihani wa serikali tu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze prizma, lenzi na leza ndogo kwa shule moja Kasongo mjini na moja Kabambare, wanafunzi wa vijiji wakizizungukia kwa zamu. Wabunge wa jimbo wanajadili bajeti Kindu katika kikao kinachoanza Septemba. Waliochaguliwa kwetu waulizwe mapema, kabla makaratasi hayajafungwa: katika ile asilimia 25, sayansi ya shule zetu imeandikwa mstari gani? Na wakuu wa sekta waulizwe vilevile kuhusu ile 15.